Mipito ya Nyamizi Katikati ya Mji

Bariadi ilipofanywa makao makuu ya mkoa, mji ulipata vitu viwili kwa mpigo: ofisi na ugonjwa wa kujilinganisha. Ofisi zilijengwa polepole. Ugonjwa ulienea siku hiyohiyo. Zamani mtu wa Bariadi alilala usingizi wake bila kujali Njombe wameamkaje. Sasa hata kinyozi, kabla hajakugusa nywele, ni lazima akueleze kwanza kwamba Geita taa za barabarani zinawaka mpaka vichochoroni, na Mpanda lami imefika mlangoni kwa watu, na sisi tupo tupo tu. Ukimuuliza alifika Mpanda lini, anakugeuza kichwa upande wa pili na kukuambia utulie, wembe hauna macho.

Nyamizi hakuupata ugonjwa huo kwa sababu hakuwa na nafasi ya kuugua. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minane, mzaliwa wa kijiji cha Sapiwi, kwenye nyumba ya pamba na ng'ombe. Aliolewa mjini na fundi baiskeli, na mtoto wao wa pekee, Winnie, ndiye aliyempa jina ambalo mji mzima ulimwitia: Mama Winnie. Mume mwenyewe, mwaka wa sita wa ndoa, aliaga kwamba anakwenda kutafuta dhahabu. Na kusema kweli aliipata. Ina urefu wa futi tano na nusu, inasuka nywele kila mwisho wa wiki, na mpaka leo wanaishi pamoja.

Nyamizi akabaki na birika. Kwa miaka kumi na tisa alipika chai kwenye baraza la jengo la zamani la kununulia pamba, mbele ya barabara kuu inayokata mji. Jiko moja la mkaa, mabenchi mawili ya mbao, sinia, vikombe. Wanaodhani kazi ya chai ni kuchemsha maji hawajawahi kuifanya. Kazi ya chai ni miguu. Wenye maduka hawatoki kaunta, maana mteja anaweza kuingia dakika hiyohiyo, ingawa tangu asubuhi hajaingia. Kwa hiyo chai huwafuata. Novatus wa duka la vifaa vya ujenzi alikunywa ya tangawizi bila sukari kwa amri ya daktari, pamoja na maandazi matatu ambayo daktari hakuyataja. Mafundi cherehani wa ng'ambo walitaka ya maziwa. Wauza simu walitaka ya rangi. Nyamizi anavuka barabara na sinia, anarudi mikono mitupu, anavuka tena kufuata vikombe, anarudi navyo. Hajaketi, mwingine anapiga mluzi.

Ndipo ukaja mradi. Jina lake lilikuwa refu kuliko barabara yenyewe: Mradi wa Kulinganisha Vitovu vya Miji Rika. Miji rika ni ile minne iliyopewa mikoa mwaka mmoja, yaani Bariadi, Geita, Njombe na Mpanda, kama watoto wa darasa moja ambao sasa mwalimu anataka kujua nani amekua na nani amedumaa. Mtaalamu aliitwa Marcelo. Alitoka Dar es Salaam na kizibao chenye mifuko kumi na mmoja, na katika siku zote alizokaa Bariadi hakuna aliyemwona akitoa chochote katika hata mmoja.

Kikao cha kwanza kilifanyika ukumbini. Wafanyabiashara waliunda Kamati ya Kitovu, na mwenyekiti akawa Josia, muuza magodoro, mtu mnene mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Mimi nauliza tu. Kwa nini twende mpaka Njombe? Lamadi si hapa? Tujilinganishe na Lamadi."

Kila mmoja alijua Lamadi kukoje: mabasi yanasimama, samaki wanaliwa, wazungu wa Serengeti wanapita, watu wanapishana kwa mabega.

"Lamadi si rika letu," Josia akasema. "Lamadi ni mdogo wetu. Mtu mzima hajilinganishi na mdogo wake."

Wakapiga makofi. Ni kweli mtu mzima hajilinganishi na mdogo wake, hasa mdogo akishamzidi kimo.

Likaja swali la pili, katikati ya mji ni wapi. Hapo ndipo walipokaa siku mbili. Kwa Josia, katikati ya mji ni mbele ya duka la magodoro. Kwa Novatus, hata mtoto mchanga anajua ni mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Marcelo akasema sayansi itaamua, akapima kwa simu yake, na sayansi ikasema katikati ya mji wa Bariadi ni kwenye zizi la ng'ombe la bibi mmoja kule pembeni. Sayansi ikashukuriwa, ikaombwa ikae. Mwishoni wakakubaliana kuchora mstari wa chokaa kufuata urefu wa barabara, kati ya duka la Josia na duka la Novatus. Kila atakayeuvuka atahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu wa katikati ya mji.

Mstari huo ulipita sentimita chache mbele ya jiko la Nyamizi.

Kazi ya kuhesabu alipewa Mwalimu Sylvester, mstaafu wa hisabati, mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kukadiria kitu. Alikuwa amemfundisha Nyamizi darasa la tano kule Sapiwi, na alikuwa bado anakumbuka kwamba hesabu za sehemu zilimshinda. Walimpa kiti cha plastiki, mwavuli, na kidude cha kubonyeza. Kila mpito, ta.

Asubuhi ya kwanza Nyamizi akavuka na sinia, akasalimia kwa Kisukuma na kwa Kiswahili.

"Mwangaluka, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, mayu," yaani mama. Ta.

Akarudi. Ta. Akavuka kufuata vikombe. Ta. Akarudi. Ta. Kufika saa tatu mwalimu alikuwa hapati hata muda wa kupuliza chai aliyoletewa.

"Mwalimu," Nyamizi akamwambia, "huyo unayembonyeza ni mimi yuleyule."

"Nakufahamu."

"Basi mimi ni mtu mmoja."

"Wewe ni mtu mmoja, lakini mipito ni mingi. Maelekezo yanasema kila anayevuka mstari."

"Na hapo juu ya karatasi pameandikwaje?"

Mwalimu akainamisha miwani. Palikuwa pameandikwa *Idadi ya Watu*. Hakulala vizuri. Kesho yake akamfuata Marcelo na kumweleza kwamba kuna mama mmoja wa chai anaonekana kwenye hesabu kama kijiji kizima. Marcelo akamwambia njia ni hiyohiyo miji yote minne, kwamba hata Njombe kuna mama chai, na kwamba mwalimu asiingize hisia katika takwimu. Mwalimu akarudi kwenye kiti chake, maana ajira ni ajira. Lakini alinunua daftari dogo, na kila Nyamizi alipopita, baada ya kubonyeza kidude, aliweka nukta kwa kalamu nyekundu, na kwa kila aliyefuata chai yake, nukta ya bluu. Hisia zake akaziweka humo.

Matokeo yakaja baada ya mwezi. Bariadi ilikuwa ya kwanza. Si ya pili, ya kwanza! Watembea kwa miguu wengi kuliko miji rika yote kwa kila mita ya barabara. Josia akasimama juu ya godoro la kuuzia, lenye nailoni yake, akatangaza:

"Njombe wana baridi! Geita wana dhahabu! Mpanda wana reli! Sisi tuna miguu!"

Watu wakashangilia. Nyamizi naye alishangilia, sinia mkononi, maana alikuwa anaipenda Bariadi na hakuna mtu aliyemwambia miguu yenyewe ni ipi.

Kulikuwa na dosari moja ndogo. Katika kigezo cha nne, mahali pa kupumzika, Bariadi ilipata sifuri. Hakukuwa na benchi hata moja katikati ya mji. Yale mawili ya Nyamizi, yaliyokaliwa kuanzia alfajiri hadi magharibi, hayakuhesabiwa, kwa sababu fomu iliyaita samani za biashara. Kamati ikaamua kuchukua hatua. Yatawekwa mabenchi sita ya chuma na vyungu vya saruji vya maua, na ili kuwapa nafasi hao watembea kwa miguu waliotuletea ushindi, vizuizi vyote vitaondolewa. Kwa maneno mafupi, mabenchi yaliondolewa ili yawekwe mabenchi.

Barua ilimfikia Nyamizi Jumatatu. Aliisoma mara mbili, akaenda nayo hadi kwa mwalimu kwenye kiti chake.

"Mwalimu, kizuizi maana yake si kile kitu kinachozuia?"

"Ndiyo hicho."

"Nimemzuia nani?"

Mwalimu akakitazama kidude kilichokuwa mkononi mwake. Nyamizi aliikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga. Hakukasirika sana. Kilichomuuma ni aibu. Miaka kumi na tisa alidhani watu wanafurahi wakimwona anakuja, kumbe katika karatasi za watu wenye akili alikuwa kitu cha kuruka ili mtu asijikwae. Winnie, ambaye anafundisha shule Maswa, alipiga simu akifoka.

"Mama, nenda kwa mwenyekiti ukamwambie!"

"Nikamwambie nini, mwanangu? Kwamba mimi si kizuizi? Anayejitetea hivyo anakuwa amesimama njiani."

Akakodi mkokoteni wa ng'ombe, akapakia jiko, birika na mabenchi yake mawili, akahamia nyuma, mtaa wa tatu kutoka barabarani, penye mashine za kusaga nafaka. Kule kulikuwa na kivuli cha paa la bati na kelele za kutosha viwanda vitatu. Unga ulitua kwenye kila kitu. Wiki ya kwanza alijiona kama mtu aliyezikwa akiwa anasikia. Alijaribu kupeleka chai barabarani, ikafika imepoa, na Novatus akamwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba chai ya tangawizi baridi ni dawa ya minyoo. Akaacha. Jioni alikuwa anaketi, jambo ambalo hakulizoea, na goti lake la kushoto, lililokuwa likimlilia kwa miaka, likaanza kunyamaza. Hata hilo lilimtia wasiwasi.

Lakini mashine ya kusaga ina foleni. Wanawake wanatoka vijijini na mahindi yao, wanasubiri saa nzima, saa mbili. Wenye mikokoteni wanasubiri wanawake. Mwenye foleni hana haraka, na asiye na haraka anakunywa chai. Nyamizi akaongeza karanga na michembe ya kuchemsha, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Mwezi wa pili alikuwa ameshajifunza kuongea kwa kupiga kelele na kusikia kwa kuangalia midomo.

Mwezi wa tatu Marcelo akarudi kufanya hesabu ya pili, safari hii kwa furaha, kwa sababu wajumbe kutoka miji mingine mitatu walikuwa wanakuja kujifunza siri ya Bariadi. Mwalimu Sylvester akakaa kwenye kiti chake. Ta. Kimya. Mbuzi akapita, akaangalia ua la mwisho kwenye chungu cha saruji, akalila. Mbuzi hahesabiwi. Ta.

Hesabu ilishuka hadi karibu nusu. Kutoka ya kwanza, Bariadi ikawa ya nne kati ya minne. Kamati ikaitwa kwa dharura, na kila mjumbe alikuja na sababu yake. Mmoja alisema ni jua. Mwingine alisema ni simu, siku hizi watu wanatumiana picha za bidhaa. Wa tatu, ambaye alitaka jina lake lisiandikwe, alisema Geita wametufanyia jambo, na kwamba yuko mtaalamu wa mambo hayo anayeweza kulirudisha lilikotoka. Ndipo mwalimu akasimama na daftari lake.

"Kwa siku," akasema, kwa sauti ileile ya darasa la tano, "ilikuwa mipito mia tano na themanini. Kati ya hiyo, mia moja thelathini na sita ilikuwa ya Mama Winnie. Nina nukta zote. Mingine mia moja hamsini na mbili ilikuwa ya watu waliokwenda kunywa chai barazani kwake, au waliomfuata kumdai kikombe kingine. Mkiiondoa hiyo, mnapata hesabu ya leo. Mji haujapoteza watu. Umepoteza chai."

Josia akavuta kiti. "Kwa nini hukusema mapema, mwalimu?"

"Nilisema. Nikaambiwa nisiingize hisia katika takwimu."

Wote wakamgeukia Marcelo. Marcelo akaanza kupapasa mifuko yake, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetafuta mahali pa kuingia.

Siku mbili kabla ya wageni kufika, Josia alikwenda mwenyewe mpaka kwenye mashine. Alivaa suti nyeusi, akarudi na ya kijivu. Ilibidi apige kelele.

"Mayu, tunakuomba! Alhamisi uje barabarani!"

"Nije na chai?"

"Si lazima chai! Muhimu ni kupita!"

"Nipite kwenda wapi?"

"Upande wa pili!"

"Nikifika?"

"Unarudi!"

Wanawake waliokuwa kwenye foleni waligeuka kumtazama. Nyamizi akampa kikombe cha chai kwanza, maana mgeni ni mgeni, akasubiri anywe.

"Mwenyekiti," akasema, "barabara ile nimeivuka miaka kumi na tisa. Sijawahi kuivuka bila sababu. Nitaanzaje uzeeni?"

Hakusema kwa hasira. Lakini Josia alimaliza kikombe, akaondoka akijipangusa unga.

Alhamisi wageni wakafika, tisa kwa jumla. Kamati ilikuwa imewaweka ndugu, wake na wafanyakazi wa maduka wavuke mstari, na wakavuka, kwa heshima kubwa, kama watu wanaokwenda kutoa sadaka. Wengine walipeana mikono katikati. Saa tano jua likawa limesimama wima. Miongoni mwa wageni alikuwepo Justina, afisa wa makamo kutoka Mpanda, mama mwenye mwili wake na daftari lake. Alisifia mabenchi, akaketi juu ya moja, na akasimama haraka kuliko alivyoketi. Chuma kilikuwa kimekaa juani tangu asubuhi.

"Jamani," akasema, akijishika nyuma bila kujali itifaki, "hapa mjini hakuna mahali pa kupata hata kikombe cha chai?"

Kamati ikatazamana. Novatus, aliyekuwa ameshakaa miezi mitatu bila tangawizi na ambaye uaminifu wake kwa kamati ulikuwa umefika mwisho, akatoka kaunta, akafunga mlango wa duka mchana kweupe, akasema, "Nifuateni."

Wakamfuata wote tisa, na kamati nyuma, na wale ndugu waliokuwa wanavuka, kwa sababu hakukuwa tena na wa kumvukia. Walipofika kwenye mashine Nyamizi alikuwa anaosha vikombe. Hakushtuka sana. Aliwapanga kwenye mabenchi ya mbao, na waliozidi wakakaa juu ya magunia ya mahindi. Josia aliomba injini izimwe ili atoe hotuba. Mwenye mashine akamwonyesha foleni. Basi hotuba ya maendeleo ya kitovu cha mji ilitolewa kwa kupigwa kelele, na aliyeisikia vizuri ni Josia peke yake.

Justina alikaa karibu na jiko, akala michembe sahani mbili.

"Dada, uko hapa muda mrefu?" akauliza sikioni mwa Nyamizi.

"Miezi mitatu. Zamani nilikuwa kule barabarani."

"Walikuondoa?"

"Nilikuwa kizuizi."

Justina akamtazama, akatazama foleni, mikokoteni, wajumbe waliokaa juu ya magunia na unga kwenye nyusi, kisha akaandika kitu kirefu kwenye daftari. Nyamizi hakuuliza ni nini. Lakini alijikuta anatabasamu, na akamwongezea chai kabla hajaombwa.

Ripoti ya mwisho ilisema kwamba kitovu cha Bariadi kina uhai mkubwa, ila hakipo pale kilipochorwa. Miji rika ilijifunza, kila mmoja kwa akili yake. Inasemekana mji mmoja, sitautaja, uliwaamuru mama chai wake wote wahamie nyuma ya mashine za kusaga ndani ya siku saba, kwa kufuata mfano wa Bariadi. Marcelo alipelekwa kulinganisha viwanja vya ndege.

Nyamizi naye alipata barua ya pili. Hii ilimwita kichocheo cha mzunguko wa watu, ikamruhusu kurudi barazani siku yoyote. Ndani ya miezi mitano alikuwa ametoka kizuizi akawa kichocheo, na kanga alikuwa hajabadilisha. Alimpigia Winnie simu akamsomea yote.

"Kwa hiyo unarudi, mama?"

Alikuwa ameshalifikiria hilo. Aliikumbuka barabara, hasa asubuhi, maduka yanapofunguliwa na kila mlango una neno la kumwambia. Lakini goti lilikuwa limenyamaza. Na wale wanawake wa foleni walikuwa wameanza kumletea habari za Sapiwi, nani amezaa, ng'ombe wa nani wamepotea, mambo ambayo kule barabarani hakuwa anayapata.

"Sirudi," akasema. "Anayetaka chai na aje."

Wakaja. Ndilo jambo ambalo hakuna ripoti iliyoliandika. Wanaume ambao kwa miaka kumi na tisa hawakuweza kuacha kaunta hata kwa dakika tano waligundua kwamba wana miguu miwili kila mmoja. Novatus alikuja saa nne, mafundi cherehani saa nne na nusu, na Josia alikuja akisema anapita tu, akapita kila siku. Mabenchi ya mbao yakawa hayatoshi, ikabidi fundi atengeneze la tatu.

Mwalimu Sylvester, ambaye kazi yake ilikwisha na mradi, naye alikuwa anakuja asubuhi na gazeti la juzi. Siku moja vikombe vikapungua.

"Mwalimu," Nyamizi akamwambia, "Novatus aliondoka na vikombe vyangu viwili jana. Nenda ukanichukulie."

"Mimi?"

"Wewe, mwalimu. Wabeja, asante sana."

Mwalimu akakunja gazeti, akaenda. Alikawia karibu saa nzima, na aliporudi alikuwa na kikombe kimoja tu. Cha pili, akasema, kimekatika mkono. Novatus na Josia walikuwa wanakigongea mezani wakibishana kama stendi ya Geita ni kubwa kuliko yetu.